Kikombe cha Baba Mkwe

Sekela shika simu. Shika simu basi!

Nimeharibu. Ile mashine ya kuosha vyombo aliyoleta mume wangu, si alisisitiza nisiiwashe mpaka ijae, eti ndiyo inabana maji na umeme? Leo ilibaki nafasi moja. Nikachomeka kikombe cha baba mkwe. Kile kile. Ambacho kwa mila za kwao mimi mkwe sikigusi hata kwa bahati mbaya, na kinaoshwa peke yake.

Nilijua itamaliza kabla mzee hajafika kutoka Nkunga. Kumbe ukiiweka kwenye kubana umeme inachukua masaa matatu!

Mzee huyo mlangoni na mwamvuli, anataka chai. Mama mkwe akafungua mashine, mvuke ukatoka. Kikombe kimelalia sahani yangu. Kimelalia, Sekela.

Nikajifunika khanga usoni, si unajua mkwe hatazamani na mzee, nikajibanza ukutani. Mzee hakufoka. Bora angefoka! Akamwambia mama, bila kunitazama: "Kikombe abaki nacho. Mwambie alilinde hilo tumbo."

Akaondoka na mvua yote hii.

Mama anakiosha kile kikombe kwa mkono, anakirudia, anakirudia, bomba linamwaga tu.

Nikamuuliza, "Mama, tumbo gani?"

"Wewe ndiye unayejua."

Sekela, hata mume wangu Gwamaka mwenyewe sijamwambia kama nina mimba. Nilikuambia wewe peke yako, jana, kwa simu.

Umemwambia nani? Sitakasirika. Niambie tu kuna mtu ulimwambia.

Tafadhali, niambie ulimwambia mtu.