Kadena ya Nyawera

Jumamosi, siku ya posho, magaribi.

Binti yangu Furaha alitaka ninunue alarme, kengele ya wezi. Nikakatala. Ile inalia tu, haipige mwizi. Mimi nilifukuzaka wezi Bagira na fimbo moja, watu wote wanajua. Nikachagua kadena, kufuli kubwa kushinda zote mu soko ya Nyawera, nzito kama jiwe. Kufika nyumba, nikafunga nayo mulango kwa ndani.

Furaha akaniangalia. "Papa, funga macho. Nyumba inaungua. Fungua, utoke."

Nikapapasa. Ufunguo ukaanguka. Nikautafuta chini na magoti, yeye anahesabu. Kufika makumi sita, akaacha.

"Papa umekwisha kuungua. Kadena iko muzima."

Sikucheka. Nyumba yetu ni ya mbao, na ya jirani pia.

Sasa kadena iko ku mulango ya kuku. Kwa ndani nimetia kipande cha muti, ninakiondosha na mukono moja. Furaha ameniletea firimbi: nikiipiga, jirani wote watapiga masufuria mpaka mwizi akimbie.

Nimeijaribu peke yangu. Pumzi ikakatika, ikatoka sauti ya kifaranga. Nikaijaribu tena. Bado.

Kesho nitamwambia alarme si mubaya sana.