Mama PD

Jecheon,
Novemba, theluji ya kwanza

Mdogo wangu Yeong-ran,

Salamu nyingi zikufikie huko Seoul, wewe na hiyo kazi yako isiyolala. U hali gani? Kile kikohozi ulichoondoka nacho sikukuu ya mavuno, Chuseok, kimepona, au bado unakibembeleza kwa kahawa? Sisi hapa tu wazima. Shemeji yako anakusalimu, yuko karakana anatengeneza meno ya bandia ya watu kama kawaida, mgongo unamuuma na hataki kusema. Kabichi za kimchi tumeshazitia chumvi na kuzipaka pilipili, na fungu lako nimelitenga kwenye chombo chake. Habari za mama ndizo zilizonikalisha kitako, kwa hiyo vumilia, nitazifikia.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Mama ndiye aliyekataa. Amesema nikikupigia tutagombana kabla sijamaliza sentensi ya pili, afadhali niandike ili usipate nafasi ya kunikatiza. Basi leo tulia umsikilize dada yako.

Kwanza nitoe la moyoni, maana likibaki ndani litaiharibu barua yote. Nina wivu na wewe. Wivu wenyewe si wa utani, ni ule wa kuuma meno. Ulipokuwa mdogo mtaa mzima ulimwita mama "Mama Geum-hui," kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Muuza tofu ya soya alimwita hivyo, mwenye duka la mchele alimwita hivyo, hata marehemu baba akiwa na furaha. Kisha ukapata kazi ya kutayarisha vipindi vya televisheni. Siku jina lako lilipopita mwisho wa kipindi likiwa na zile herufi mbili, PD, yaani mtayarishaji, mama alitoka mbio na kandambili za chooni kuwaambia majirani. Tangu siku hiyo akawa Mama PD. Mama PD njoo uonje, Mama PD binti haji wikiendi hii? Naye anaitika, tena kwa madaha! Siku moja sokoni nilimwita mimi mwenyewe, Mama, mara mbili, hakugeuka. Muuza samaki akamwita Mama PD, akageuka papo hapo. Nilipokusimulia ulicheka sana. Mimi sikucheka.

Na hizo herufi, mdogo wangu, usidhani umezaliwa nazo. Kwenye duka langu la miwani PD ni umbali wa kutoka mboni moja ya jicho hadi nyingine. Ukikosea hapo, hata lenzi za bei mbaya zitampa mteja kizunguzungu. Nilikuwa nikiandika PD kwenye vipimo vya watu wakati wewe bado unafungwa kamba za viatu. Shemeji yako naye ana vipande vya madini meupe vyenye chapa hiyohiyo, anavichanganya kwenye meno ya wazee. Mtoto wa jirani anayesomea umeme anasema kwao PD ndiyo inayosukuma umeme upite kwenye waya. Kumbe kila mtu anayo! Nani basi alishamwita mama Mama PD kwa ajili ya miwani? Nilimuuliza hivyo mama siku moja, kwa hasira. Akanijibu kwamba PD ya miwani haionyeshwi kwenye televisheni. Shemeji yako alicheka hadi machozi, nikamnyima supu.

Kisha ikaja PD ya hospitali. Unajua tu kwamba mama aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, hujui siku yenyewe ilivyokuwa. Daktari alimwambia anyooshe mikono, atembee, ageuke, akaandika herufi mbili kwenye kompyuta. Mama hajui herufi za kigeni ila hizo, alizikariri kwenye kadi yako ya kazi. Akazinyooshea kidole akimwambia daktari, ala, kumbe unamjua binti yangu! Daktari akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyemshika mkono, nikamweleza kule koridoni kwamba pale maana yake ni ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Akasema afadhali ugonjwa umekuja na jina zuri. Sasa niambie, nitakosaje wivu? Hata ugonjwa wake umepewa cheo chako.

Tuje kwenye Chuseok. Ulimwona mwenyewe. Alikaa sakafuni akifinyanga vikeki vya mchele pamoja na sisi, na mbele ya meza ya tambiko la mababu akamimina pombe kwenye kikombe kidogo bila tone kudondoka. Ukamnong'oneza Shangazi wa Chungju kwamba dada anatia chumvi, mama mbona mzima wa afya. Nilikusikia, nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la samaki. Mara ukatangaza kwamba kazini wamekupa likizo ndefu na utamchukua mama akakae nawe Seoul, mtembee, mle mikahawani, umrekodi na kamera yako mpate kumbukumbu. Mama akasema mbele ya watu wote, "Nitakwenda na PD wangu." Shangazi zetu wakapiga makofi. Nikarudi jikoni kugeuza samaki ambaye alikuwa ameshaiva zamani.

Sasa sikiliza nililotumwa.

Dawa ya mama humfungua mwili kwa muda, kisha mwili unafunga tena. Ukipiga simu kwamba unakuja, kitu cha kwanza anachouliza ni saa ngapi utafika. Kuanzia hapo anapanga. Asubuhi hiyo hataki kumeza dawa kwa saa yake, anaichelewesha makusudi ili imshike vizuri wakati unavua viatu mlangoni. Mpaka muda huo ufike amelala amekaza kama ubao, mate yanamtoka, hawezi hata kujigeuza upande, mimi ndiye wa kumsukuma. Tena tangu jana yake hagusi nyama wala tofu, kwa sababu daktari alisema vyakula hivyo vinaipunguza dawa nguvu. Wewe unakuta meza imejaa unadhani sote tumekula hivyo tangu asubuhi, kumbe mwenzio ameshindia uji mtupu.

Nawe hukai, unaangalia simu, unaangalia saa, unasema barabara itajaa magari. Gari lako likishapinda tu kwenye kinu cha mchele, mama anashika mlango na kuniambia, Geum-hui, nishike. Chuseok ilikuwa hivyohivyo. Miguu yake iligoma kwenye kizingiti cha choo, akasimama pale kama aliyegandishwa, yakatokea ya kutokea. Nikamvua, nikamwosha. Wakati huo wewe ulikuwa njiani umetutumia picha zake akicheka na shangazi.

Aliniapisha nisikwambie, ndiyo maana kila niliposema mama anaumwa sana uliniona mzushi. Wewe unaletewa mama aliyepambwa, mimi naachiwa aliyebaki. Nilivumilia miaka yote hiyo, lakini hilo la kutangaza kwamba unamchukua akastarehe, tena mbele ya watu, lilinishinda.

Juzi mama akataka miwani mpya ya kwendea Seoul. Hee, ya kwendea Seoul! Hii ya siku zote inanitosha mimi, sivyo? Shemeji yako akamleta dukani saa mbaya, dawa imeshaisha mwilini. Mashine yangu ya kupima inataka mtu atulize kidevu, naye kidevu kinacheza. Nikachukua rula, nikarudi kwenye kazi ya zamani. Nikakaa mbele yake magoti yakigusana, nikamshika kidevu kwa mkono mmoja, nikamwambia tazama jicho langu la kushoto, sasa la kulia. Kupima PD namna hiyo hakuna pa kukimbilia. Unamtazama mtu mboni kwa mboni naye anakutazama, mpaka upate kipimo. Uso wake siku hizi haucheki wala haununi, umekaza. Macho ndiyo yaliyobaki ya kusemea.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia nenda, nenda kwa PD wako, huenda huko hutatetemeka, maana nikikuona na yule huumwi hata kucha. Nikamuuliza kwa nini uzuri wote ni wake na makombo ni yangu, nimemkosea nini. Mteja aliyekuwa anajaribu fremu alizirudisha polepole akatoka. Mama hakukasirika. Kwa ile sauti yake ya siku hizi, ndogo mpaka umwinamie, akasema kwamba Yeong-ran ni mgeni, na mgeni humpokei nyumba ikiwa ovyo. Wewe Geum-hui ni mwenye nyumba, akasema, kwako sijipangi.

Nitakwambia kweli, nililainika. Nilitamani ungekuwepo usikie. Laiti angeishia hapo!

Akaendelea. Akasema amechoka kumpokea mtoto wake kama mgeni, na kosa ni lake yeye aliyeanza. Akasema akifa leo utamlilia mwanamke usiyemjua. Hiyo ndiyo sababu aliyokubalia siku ile, wala mikahawa yako haimshughulishi. Huko Seoul atameza dawa kwa saa zake, na ikiisha nguvu iishe mbele yako, ukiwa peke yako naye, hakuna mimi wa kuitwa. Umwone amekaza. Umwoshe wewe. "Yule naye ni mwanangu," aliniambia. "Wewe umekaa nami umeshiba. Sasa na yeye apate." Akaniagiza nikuandikie yote bila kuficha, ili uamue. Ukiogopa, usije Jumamosi hii uliyopanga kumchukua, na hatakulaumu kamwe.

Kwa haki ningefurahi, Yeong-ran. Ni mara ngapi nimekunja mashuka yaliyolowa nikisema moyoni, laiti na huyu PD angeonja siku moja tu! Leo unaonjeshwa, tena si siku moja. Basi sikia aibu yangu. Wivu ulinipanda hadi rula ikaniponyoka. Siku zote nilidhani nakuonea wivu kwa yule mama wa sikukuu, aliyevaa vizuri na kumimina pombe bila kumwaga. Kumbe huyo ningekuachia. Yule wa asubuhi, aliyekaza, anayenitukana nikimgeuza kwa haraka, ambaye duniani hakuna aliyewahi kumwona ila mimi, huyo ndiye niliyekuwa namlinda. Nililalamika kwa majirani mpaka wakachoka, kumbe nilikuwa najivuna. Wewe ulikuwa na jina, ulikuwa na televisheni, ulikuwa na makofi ya shangazi zetu. Mimi nilikuwa na yeye. Na sasa anajigawa mwenyewe kwako, kwa hiari yake, kupitia mkono wangu!

Haya, nimeshasema. Nisikilize kwa haya ya kazi, maana sitaki ateseke kwa ajili ya hasira zangu. Dawa mpe tumbo likiwa tupu, chakula kifuate baadaye. Miguu ikigoma usimvute, ataanguka. Weka mguu wako mbele ya wake, mwambie auruke, utashangaa ataenda. Akiwa anakunywa maji usimsemeshe, atapaliwa. Asubuhi unapomgeuza msukume begani, ukimshika kiunoni anaumia. Akikwambia umwache, usimwache. Na kamera hiyo iweke kabatini mpaka yeye mwenyewe akuombe.

Njoo Jumamosi. Ila njoo mapema asubuhi, kabla hajameza chochote, ndivyo anavyotaka akupokee. Sitakuwa chumbani. Nitakuwa jikoni na nitajitahidi nisiingie hata nikimsikia anaita, kwa sababu ameniambia ataita jina lako.

Nguo zake nimeshazipanga kwenye begi. Anataka nimsomee barua hii kabla sijaifunga, nami nitamsomea, ila maneno haya ya mwisho nitayaruka. Nilitaka kumalizia kwa kukuombea nguvu usichoke, kama dada mkubwa anavyopaswa. Nimeianza sentensi hiyo mara mbili na mkono umegoma. Mtunze, Yeong-ran. Mtunze vizuri kuliko nilivyomtunza mimi, asikose kitu. Halafu uchoke. Uchoke, umrudishe.

Mama anakusalimu kwa mapenzi mengi. Shemeji yako anasema uendeshe polepole, barabara ya mlimani ina barafu. Vaa nguo nzito.

Ni mimi dada yako,
Tak Geum-hui