Kioo cha Neema

Jumanne

Mwanangu Neema amelia kwenye simu, nami nimesimama dukani mbele za watu. Anataka kuacha masomo ya chuo arudi nyumbani Sumbawanga.

Kazi yake maabara ni kupaka kipande cha kioo dawa, kali upande mmoja, ikipungua polepole hadi wa pili, aone chembe hai za mwili zitatambaa kuelekea wapi. Anachovya kioo, anakivuta taratibu. Mkono hauendi kwa mwendo mmoja, dawa inashika mistari mistari.

"Mwanangu, mimi nikitia ukindu wa mikeka rangi sivuti. Nauning'iniza kwenye sufuria tupu, namimina rangi kidogo kidogo, inapanda yenyewe. Chini inakolea, juu inapauka."

Akasema, "Mama, hilo sijajaribu."

Labda nimesema upuuzi, mimi wa darasa la nne. Lakini kitanda chake sitandiki mpaka ajaribu.