Kamongo wa Marehemu Gordon

Migori, 3 Februari 1996

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, na kwamba goti limepoa. Sisi tu wazima, tena zaidi ya wazima. Huu ni mwezi wa tatu tangu harusi, na Cephas akifunga duka lake la kutengeneza redio, mimi huanza kusikia hatua zake moyoni kabla hazijafika mlangoni. Nisamehe kukuambia haya wewe uliyemzaa. Sina mwingine anayempenda kama mimi.

Lakini mama, kamongo wetu hali chakula. Leo ni siku ya kumi na mbili. Cephas aliniambia kwamba ndiye samaki wa mwisho ambaye marehemu baba alimvua kwa ndoana, wiki ileile aliyozama ziwani, naye Cephas amemfuga tangu akiwa na miaka tisa. Kwa hiyo nilimheshimu kama mgeni. Nilimtoa kwenye pipa la nje nikamweka sebuleni, katika beseni jeupe ninalolisugua kila asubuhi na kulijaza maji safi ya bomba. Nimempa ugali, chapati, hata yai. Anageuza kichwa. Cephas huinama juu ya beseni kila jioni, nami naogopa. Mimi ni Mkisii, mtu wa migomba. Samaki nilimjua akiwa sahanini. Nisaidie asife mikononi mwangu.

Mkaza mwanao,
Bosibori

Homa Bay, 11 Februari 1996

Nyathina, mwanangu Bosibori,

Goti lipo, linanipeleka sokoni na kunirudisha. Habari za samaki nimezisoma mara mbili, zile za mapenzi mara tatu.

Umempenda kupita kiasi. Kamongo ni wa tope. Beseni linalong'aa linamtisha, na maji ya bomba yana dawa. Mrudishe pipani, kivulini. Weka tope la mtoni shibiri moja, na maji ya mto juu yake, yasijae, maana huja juu kuvuta pumzi. Mwache siku tatu, usimchungulie. Kisha mpe konokono jioni. Ugali ni wako na mumeo. Na vidole viwe mbali, huyo anauma.

Sasa neno la siri. Samaki wa Gordon alikufa mwezi uleule tuliomzika Gordon. Mtoto hakuwa akisema na mtu tangu matanga, ila na pipa. Nilikwenda ufuoni kabla hajaamka nikanunua mwingine wa urefu uleule. Baadaye huyo naye akafa, nikanunua huyu mlio naye. Miaka kumi na saba nimelibeba hili. Akifa, niandikie upesi, nilete wa nne. Cephas asijue.

Mama yako,
Teresa

Migori, 2 Machi 1996

Mama,

Natumaini u mzima. Kamongo amekula. Alhamisi alimaliza konokono watatu. Nilisikia gamba likipasuka, nikakaa chini kando ya pipa nikalia.

Lakini usinikasirikie. Barua yako aliichukua Cephas posta, naye aliifungua, kwa sababu sisi hatufichani barua. Aliisoma akiwa amesimama. Nikadhani atakasirika. Akaniuliza tu kama chai ipo, na baada ya kuinywa akanieleza kwamba samaki wa baba alikuwa amepasuliwa mdomo na ndoana. Asubuhi moja baada ya mazishi aliamka, akakuta mdomo mzima.

"Nilijua asubuhi ileile," alisema. "Lakini mama alikuwa hajala tangu mazishi. Nilipomwita yule samaki mpya kwa jina la yule wa baba, mama akaketi akala uji, bakuli zima. Basi nikawa namwita hivyo kila siku."

Nimemwoa, mama, au yeye kanioa, sijui tena. Nampenda hadi naumwa.

Mkaza mwanao,
Bosibori

Homa Bay, 24 Machi 1996

Watoto wangu,

Mimi mzima. Nimekaa na barua yenu zaidi ya wiki mbili. Njooni Pasaka.

Miaka hiyo yote nilidhani mimi ndiye ninayemlisha Cephas, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinilisha.

Mama yenu