Mume Wangu Amekuwa Kivutio cha Watalii, Sasa Hataki Jicho Litibiwe

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijammwagia mtu maji ya vyombo kutoka dirishani, maana ndoo ninayo na mkono unaniwasha.

Mume wangu ni fundi friji. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi nadhani ni mimi peke yangu ninayelikumbuka. Nyumba yetu iko kwenye kichochoro cha mji wa kale, kati ya ngome na soko la samaki, na wageni wanaotembezwa mjini lazima wapite mlangoni petu, na zamani walikuwa wanapita tu, wanapiga picha mlango, wanasalimia, wanakwenda zao. Sasa mwaka juzi mume wangu akapata mtoto wa jicho, jicho la kushoto likawa jeupe kama maziwa, na kwa kuwa haoni tena vizuri vile vijiwaya vya friji akawa anashinda kibarazani na kofia yake. Siku moja mwongoza watalii mmoja, kijana mwenye mdomo usio na breki, akakuta ngome imefungwa kwa ukarabati, hana la kuwaeleza wageni wake, akamwona mzee, akanyoosha kidole na kusema, "Na huyu ndiye nahodha wa mwisho wa zile meli za zamani. Jicho lake lilipigwa na radi baharini."

Shangazi, mume wangu hajui kuogelea. Tulipanda kivuko kwenda harusi ya mdogo wangu, akatapika kwenda na kurudi. Lakini siku ile aliwatazama wale wageni, akakohoa, akasema, "Radi mbili."

Basi, ikawa ndiyo imetoka. Sasa hivi mgeni akishapanda boti ya kioo kutazama samaki, akapanda mnara wa taa, akazungushwa makumbusho, analetwa kwa Nahodha, na wapo wanaoruka makumbusho wakaja kwetu moja kwa moja wakiulizia jicho. Mimi nikianika nguo, yule kijana ananiambia, "Mama, samahani, zile chupi zinaharibu mandhari." Chupi za nahodha mwenyewe! Na mzee akiingia ndani haachi, anaendelea na unahodha wake, anasimama mlango wa jikoni ananiuliza, "Pepo zinasemaje, mke wangu?" kumbe anataka kujua kama chakula kimeiva.

Haya yote ningeyavumilia, tatizo ni jicho. Daktari wa hospitali alishasema upasuaji ni mdogo, mtu anaingia asubuhi anatoka mchana, ila asicheleweshe kwa sababu jicho la kulia nalo limeanza. Mzee hataki kusikia. Ananiambia, "Wakilisafisha hili jicho, mimi nitakuwa nani?" Nikamjibu utakuwa fundi friji, akaninunia siku nzima. Juzi nilikuwa naye dukani akaamkia lile sanamu la kuvalishia nguo, akangoja kuitikiwa. Wiki iliyopita amejimiminia chai ya moto mkononi, mkono umevimba malengelenge, wageni walipouliza akasema aling'atwa na papa. Papa gani anaunguza, Shangazi? Halafu kati ya wageni akaja mama mmoja, daktari wa macho kabisa, anazungumza Kiswahili chetu hiki, akainama akamwangalia, akasema kwa sauti, "Baba, huyu ni mtoto wa jicho tu, anaondoleka." Yule kijana akamkatiza hapo hapo, "Jamani, daktari amethibitisha kwamba jicho hili si la kawaida!" Watu wakapiga makofi, na mzee akavua kofia akainama.

Kuna jambo jingine, dogo tu. Katika hadithi zake kuna mahali anaeleza alivyonipata mimi. Anasema nilikuwa nimesimama roshani ya nyumba moja bandarini, kitambaa changu kikapeperuka kikaangukia sitahani kwake, na yeye akageuza meli mara tatu ili akirudishe kwa mkono wake, na kila akirudi alikuwa anasahau kukitoa mfukoni kwa kuniangalia. Anaeleza macho yangu, anaeleza nilivyocheka. Uongo mtupu, sisi tulijuana alipokuja kutengeneza friji ya mjomba wangu, ikamchukua wiki nzima, alikuwa anafungua skrubu na kuzifunga bila hata kuniangalia usoni. Na tangu tuoane maneno yake kwangu ni "chumvi imepungua" na "nani kazima feni". Lakini akifika hapo kwenye kitambaa mimi huwa nasimama nyuma ya pazia, hata ndoo naiweka chini, na kila siku anaongeza kitu kidogo, jana kaongeza kwamba sauti yangu aliisikia usingizini safari nzima, nikaunguza sufuria. Hospitali walitupangia tarehe ya upasuaji, ikapita, kulikuwa na shughuli nyingi nikasahau kumkumbusha.

Sasa nifanyeje, nimburute hospitali kwa nguvu au nimwache na jicho lake, maana mwili ni wake?

Mimi Mke wa Nahodha Asiyejua Kuogelea.

SHANGAZI ANAJIBU

Mke wa Nahodha, pole sana. Pole hiyo uitunze, sina nyingine. Kuanzia hapa tunagombana.

Kwanza niseme nimecheka. "Radi mbili" nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na mhariri wangu kamwaga chai kwenye kompyuta. Mimi mwenyewe nimewahi kutembezwa mji wa pwani nikaonyeshwa kisima alichooga malkia, nikainama kwa heshima zote, ndani nikaona bomba la plastiki na kandambili moja. Nilirudi nyumbani nimefurahi hivyo hivyo. Mgeni akiwa likizo anataka kusimuliwa, na mumeo anasimulia vizuri kuliko hilo bomba. Kwa hiyo unahodha wake sina ugomvi nao. Mtu alikuwa amekaa kibarazani, kazi imemtoka mikononi, akatokea mtu akamwita nahodha mbele za watu. Ulitaka ajibu nini, "hapana, mimi ni wa friji"?

Ugomvi wangu uko kwenye jicho. La kwanza likienda ni hadithi ya kuwapa wageni. La pili likienda, ni wewe kumshika mkono kumpeleka chooni kila siku, na yule kijana wa chupi hutamwona. Atakuwa ameshapata nahodha mwingine mtaa wa pili. Unaniuliza umburute au umwache? Mtu anayeliamkia sanamu na kungoja liitikie haachwi, mama.

Sasa nije kwako. "Jambo dogo tu." Nani unamdanganya? Papa, sanamu na nguo za kamba ya kuanikia umevipitia mbiombio, ulipofika kwenye kitambaa ukavuta kiti ukakaa. Na ile tarehe ya hospitali, eti ulikuwa na shughuli. Shughuli gani hiyo isiyo na jina? Ulikuwa nyuma ya pazia. Unaogopa kwamba jicho likisafishwa nahodha ataondoka, utabaki na yule wa feni. Hapo sikucheki hata kidogo. Kuishi miaka yote hiyo bila neno tamu ni njaa, na mwenye njaa akisikia harufu ya chakula anasimama. Lakini unayalipia maneno hayo kwa jicho la mumeo, na umeanza kulipia na la pili. Acha.

Halafu nikuulize, friji ya mjomba ilikuwa na nini hata imalize wiki? Nimemuuliza fundi anayetutengenezea ya hapa ofisini. Kacheka sana. Kasema fundi akikaa wiki nzima na friji moja, ama kazi haijui, ama kuna mtu ndani ya nyumba ile. Mumeo kazi alikuwa anaijua? Basi ni kwa ajili yako alikuwa anafungua na kufunga hizo skrubu, ila hukuambiwa. Meli ni ya uongo na kitambaa ni cha uongo, lakini kule kurudirudi ni kwa kweli. Alikosa ujasiri tu, ukapatikana alipopewa cheo kisicho chake.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda hospitali uombe tarehe mpya, ya karibu kuliko zote, na usimwombe ruhusa. Yule mwongoza watalii mwambie nahodha yuko safarini; awapeleke wageni mnara wa taa, nao ni mzuri na haujaumwa macho. Akileta ubishi, ndoo si unayo? Mzee naye mwambie ukweli utakaompendeza: akitoka kwenye upasuaji atafunikwa jicho kwa bandeji, na nahodha aliyefunikwa jicho atawavuta wageni kuliko aliye na jicho jeupe. Ninamjua mwanamume wa aina hiyo, atauliza mwenyewe kama bandeji zipo nyeusi.

Na kabla hamjaondoka nyumbani, mkalishe chini umwambie, "Huwa nakusikiliza dirishani. Nataka uniambie mimi." Atakohoa. Atatafuta kofia. Pengine atashindwa kabisa siku hiyo, na siku itakayofuata atajaribu nusu sentensi, nawe uipokee hiyo nusu bila kumcheka. Wageni wa kila nchi wamesimuliwa uzuri wako, mwenye uzuri akiwa amejificha nyuma ya pazia na msimuliaji haoni. Wewe toka mbele, na yeye apate jicho la kukutazama.