Kopo la Senene na Miaka Thelathini

Mpendwa Bi Sumaiya, nakuomba unishike mkono kabla sijaaibika mbele ya mtaa mzima, na jina langu tafadhali lifiche kwa sababu mimi ni mtu ninayejulikana hapa Bakoba, nauza simu na vifaa vyake, na nikisema jambo watu wananisikiliza.

Msimu uliopita mke wangu alikaanga senene, wale panzi wetu watamu, wakakauka vizuri, tukajaza makopo mawili, nikayapandisha mwenyewe juu kabisa ya kabati la jikoni, mahali ambapo hata mimi nafika kwa kusimama kwenye stuli, nikisubiri kaka yangu aje kutoka Mwanza tuwafaidi pamoja, sasa siku moja nikashusha kopo la kwanza nikakuta chumvi na miguu miwili ya senene. Nikajua tumeibiwa, na sikuhitaji kufikiri sana, kwa sababu chumba cha uani nilimpangisha Mayenga, mtu wa kuja anayeleta dagaa kutoka visiwa vya Muleba, leo yupo kesho hayupo, na watu wa visiwani unawajua.

Nikaenda kituoni nikaomba waje wapime alama za vidole kwenye kopo, na ikibidi wapime vinasaba kwenye ile miguu, maana naangalia video za upelelezi na ninaona wenzetu wanamnasa mwizi kwa unywele mmoja tu. Afande akanitazama weee, halafu akaniuliza, "Mzee, nyumbani mnaishi wangapi?" Nikaona ananidharau, nikaondoka zangu hadi kijiweni Bilele, nikawaambia wenzangu kwamba polisi wetu wamelala na mahakama zinawabembeleza wezi, mtu anaiba anaambiwa akafagie kituo cha afya halafu jioni anarudi kwake kula ndizi, hiyo nayo ni adhabu? Nikasema aliyeiba senene wangu apewe miaka thelathini na kazi ngumu, wakapiga meza kwa furaha, mzee Ildefons akasema thelathini ni michache. Sikumtaja Mayenga, nilisema tu "yule wa uani", na siku hiyohiyo nikamtolea vitu vyake nje.

Basi nikafunga kamera ndogo jikoni, ile inayoleta picha kwenye simu, nikaielekeza mlango wa uani ili nimnase akirudia kopo la pili, na kijiweni nikatangaza kwamba ushahidi nitauonyesha kwenye kikao cha mtaa, mwenyekiti akiwepo. Jumapili tulienda kanisani wote isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye ametoka Kamachumu kuja kutibiwa magoti, kutembea kwenyewe anashika ukuta. Tukiwa kanisani picha ikaja. Ni mama mkwe, Bi Sumaiya! Amekaa kwenye kigoda hapo mlangoni anaota jua, kopo liko mapajani, anaonja. Anaonja taratibu amefumba macho, kisha anapangusa mdomo kwa kitenge. Na ndiye huyuhuyu anayewagombeza wajukuu zake wa kike kila siku, "Mae! Senene ni za wanaume! Sisi tulizikamata, tukazikaanga, na mdomoni hatukutia hata moja!"

Nikionyesha video ndoa yangu imekwisha, maana yule ni mkwe, hata kula mbele yake sijawahi. Nikinyamaza, Mayenga ndiye mwizi, na tayari sokoni wanapita meza yake kama hawaioni na kuna wanaotaka kikao kimfukuze mjini. Nimefikiria kusema ni paka, ila mtaa mzima unajua sifugi paka. Halafu mama ni mtu mzima na ni mgonjwa, pengine mwili wake unadai kitu cha mafuta kidogo. Nishauri.

Mwenye Ushahidi, Bakoba

BI SUMAIYA ANAJIBU

Mwenye Ushahidi, pole. Nimecheka mpaka chai ikapoa, kisha nikafika kwa Mayenga kicheko kikakatika.

Soma tena barua yako. Ulipodhani ni Mayenga, uliandika "aliyeiba". Ulipomwona mkweo, ukaandika "anaonja". Senene ni walewale, makopo ni yaleyale, na wewe hakimu ni yuleyule uliyekuwa unagawa miaka thelathini kijiweni. Kumbe huruma unayo, tena nyingi, mpaka ya kumwandikia mama cheti cha daktari! Mayenga ulimnyima hata swali moja.

Na kamera yako hiyo. Kopo liko juu ya kabati, wewe unaielekeza mlangoni, anakopita mtu uliyekwisha kumhukumu. Huo siyo upelelezi, baba, huko ni kutafuta picha ya kuning'iniza juu ya jibu lako. Afande hakukudharau. Aliuliza swali ambalo mpelelezi yeyote mwenye akili huanza nalo, ukakasirika kwa sababu halikuwa na mtambo.

Sasa sikiliza. Video ifute leo, tena usiionyeshe kwa mtu hata kwa utani. Mama wa watu amekaa miaka yote hiyo akikaanga chakula asichoruhusiwa kula, akawaaminisha wajukuu, leo amepata jua, kigoda na kopo. Mwache afumbe macho. Siku nyingine nunua senene, waweke karibu naye, uende dukani kwako, na ukirudi usitikise kopo.

Usisubiri kikao ndipo umsafishe Mayenga. Nenda kijiweni Bilele, palepale walipopiga meza, useme kwa sauti ileile: "Senene wangu wameliwa na watu wa nyumbani kwangu, Mayenga hakuhusika, nilimsingizia." Wakiuliza nani, waambie nyumbani kwako kila mtu ana haki ya kula. Kisha ulirudie hilo kikaoni. Chumba mrudishie kama atakitaka, na asipokitaka usimlaumu. Na kwa vile unaona kufagia si adhabu, nakupa nyepesi zaidi: mwezi mzima, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kaa mezani kwa Mayenga sokoni umuuzie dagaa, wateja wakuone. Ikifika siku ya tatu utaniambia kama hiyo siyo adhabu.

Nimebakiza jambo moja, mpelelezi wangu. Wewe mwenye miguu mizima unalifikia kopo kwa stuli. Mkweo anatembea kwa kushika ukuta. Nani alimshushia?

Naam. Huyo huyo uliyeketi naye kanisani. Alimfichia mama yake siri, na hapo simlaumu, lakini alinyamaza pia wakati vitu vya Mayenga vinatolewa nje, na hapo namlaumu sana. Kwa hiyo sokoni mtakwenda wawili. Akikataa, mkumbushe hukumu yako mwenyewe: miaka thelathini mkigawana ni kumi na tano kila mmoja, na mzee Ildefons bado anasema ni michache.