Randa Uliyoipeleka Kilwa

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nikianza maneno bila kukuamkia ungesema nimelelewa na mbuzi, kwa hiyo nimeamkia na sasa tuendelee. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua na bado anabishana na wauza samaki. Mimi nipo palepale Lindi, kwenye kibanda chako cha useremala, ingawa siku hizi nusu yake ni mbao na nusu ni mashine za watu zinazosubiri kutengenezwa. Nakuandikia kwa sababu nimeiona randa yako ya umeme.

Ndiyo, ileile.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kilwa Masoko, Bi Hadija. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mota, kazi yake kusuka upya nyaya za ndani zilizoungua, na alimwachia stoo iliyojaa mashine hadi darini. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa aje kuzizoa zote, lakini yeye roho ilimuuma, akaambiwa Lindi kuna fundi anayeweza kumtenganishia nzima na mbovu. Nikapanda basi la asubuhi. Aliponifungulia mlango alichungulia nyuma yangu kumtafuta huyo fundi mwenyewe, na nilipomwambia ni mimi, akanitazama kuanzia ushungi hadi kandambili, kisha akanikaribisha chai.

Nilizitoa mashine uani na kuzipanga mafungu matatu: za kupona, za kuvuliwa vipuri, na za kwenda kwa mwenye vyuma. Kulikuwa na pampu, feni, na jenereta moja ambayo kuku alishaifanya kiota. Randa yako ilikuwa chini kabisa, ndani ya gunia la korosho. Kibati cha jina kimeliwa na kutu na rangi yake huwezi kuitaja. Kwanza sikushtuka. Mpini ulikuwa umezungushiwa tyubu ya baiskeli, lakini ni seremala gani wa huku kwetu asiyefunga mpini kwa tyubu? Nikaigeuza, nikaona imechakaa upande anaoshika mtu wa mashoto. Nikasema mashoto wako wengi. Halafu nikafuta vumbi pale mbele, kwenye kirungu cha kupandisha na kushusha kisu, nikakuta si plastiki. Ni mpingo.

Huo mpingo uliuchonga wewe, kirungu cha kiwandani kilipopasuka, na mimi ndiye niliyeusugua kwa majani ya msasa mpaka vidole vikaniuma. Nilikaa chini palepale uani kwa watu. Bi Hadija akauliza hiyo nayo aiweke kwenye fungu la kufa. Nikamwambia, "Hii ya nyumbani, mama."

Akakumbuka. Alisema aliileta mtu mrefu kutoka Lindi, mpole, hakunywa hata maji, na hakurudi tena kuifuata. Mumewe kila akisafisha stoo aliirudisha mahali pake kwa kuwa amana ya mtu haitupwi. Nilipomwambia mtu huyo ni mjomba wangu na ametangulia mbele ya haki, alitia dua, kisha akaniwekea lile gunia mapajani.

Sasa nikukumbushe Ijumaa ile, ingawa sidhani kama uliisahau. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ulikuwa umekwenda msikitini, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumtengenezea mama mbuzi mpya ya kukunia nazi. Ulikuwa umenikataza kushika randa ya umeme peke yangu. Nikaishika. Ilianza vizuri, ikanyoosha ubao kama shubiri mbili, halafu sauti ikawa nzito, ikaguna, ikakwama, na harufu ikajaa kibanda kizima. Nakumbuka niliona ajabu kwamba ilinukia kikaango cha vitumbua. Nilichomoa plagi haraka nikakaa juu ya takataka za randa kukusubiri.

Uliingia na kofia yako kichwani, ukanusa, ukaigusa mashine ikakuunguza. Ukasema, "Imeungua." Basi. Hukunichapa, hukunigombeza, hukumwambia hata mama. Ningefurahi zaidi kama ungenichapa. Jumatatu yake uliitia kwenye gunia ukasema unampelekea fundi wa mota Kilwa, ukarudi mikono mitupu na kutuambia haifai tena. Tangu siku hiyo ulirudia randa ya mkono, ukawa unawatangazia wateja kwamba mashine inawafanya maseremala wavivu.

Wateja walicheka. Mimi sikucheka. Niliona bega lako lilivyoanza kushuka, na jioni nilimsikia mama akikukanda kwa maji ya moto nawe unajikaza kiume, na kila ulipoguna nilijua ni mimi. Ndiyo maana kila asubuhi kabla hujaamka nilinoa visu vyako. Wewe uliniita mtoto mwenye heri, ukanisifia kwa majirani. Kila uliponisifu, kesho yake niliamka mapema zaidi.

Basi Jumamosi iliyopita niliiweka randa juu ya meza yako. Mtu mwenye pupa akiokota mashine huichomeka kwenye umeme aone kama itanguruma. Mimi sifanyi hivyo. Naitazama, nainusa, nazungusha kwa mkono, ndipo naifungua. Kuzunguka ilikataa kabisa. Nikafungua bisi, na harufu iliyotoka haikuwa ya kuungua, Mjomba. Ilikuwa ya mafuta ya nazi yaliyochacha.

Mota iliyoungua haijifichi, nyaya zake huwa nyeusi na unazikwangua kwa kucha. Za randa yako zilikuwa na rangi ya asali, zinang'aa. Nikachukua mita nikazipima, zikasoma sawasawa. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu. Nzima. Kwa jinsi nilivyoichomoa haraka siku ile, hata joto halikuwahi kuzidhuru.

Tatizo lilikuwa beringi, zile bangili mbili za chuma zinazoshika mhimili ili uzunguke. Ya mbele ilikuwa imejaa utomvu wa kahawia, unga wa mbao na mafuta ya nazi vilivyogandana vikawa kama halua iliyokauka. Na hapo nikakuona wewe kila Alhamisi jioni, umekaa kwenye kigoda, unazipaka randa zako za mkono mafuta ya nazi aliyoyapika mama, kisha unageukia ile ya umeme na kuidondoshea matone matano matano kwenye matundu. Grisi uliikataa. Ulisema inanuka gereji na inatia mbao madoa, na chombo cha seremala hakilishwi uchafu. Kwa randa ya mkono ulikuwa sahihi. Ile yenye mota uliilisha mpaka ikavimbiwa, maskini, na siku ya kuvimbiwa ikaniangukia mimi.

Nilicheka peke yangu, Wallahi. Nikataka kukimbia nimwambie mama. Nilidhani tulikosea wote wawili kwa kutojua, wewe ukaondoka ukiamini ni mimi, nami nikibaki nikiamini ni mimi. Usilolijua ni kama usiku wa giza, nikasema, na nikaendelea kufungua.

Beringi ya nyuma ilikuwa imepasuka. Ina alama za patasi, tatu, zote kutoka upande wa mashoto. Ule utomvu ulikuwa umekwanguliwa nusu. Na vile vijiti vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota havikuwa mahali pake. Vilikuwa vimefungwa vizuri ndani ya kitambaa na kusukumiwa kwenye mpini visipotee. Kitambaa kimekatwa kwenye msuli wako wa bluu wa draftidrafti, ule ambao mama aliuliza kwa wiki nzima nani ameuchana.

Beringi iliyopasuka namna ile haizunguki hata mara moja, kwa hiyo hukuifungua kabla ya Ijumaa ile. Uliifungua baadaye, kati ya Ijumaa na Jumatatu. Uliona nyaya nzima, uliona mafuta, ulijaribu kuing'oa beringi kwa patasi ukaivunja. Kisha ukaifunga ukaipeleka Kilwa, mbali na macho yangu.

Ulijua, Mjomba.

Nilikasirika. Sikufichi, nilikasirika siku mbili nzima, na picha yako iliyopo ukutani niliigeuza. Wanasema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Wewe hukuchutama, ulipanda basi! Ulikuwa na shida gani kuniambia, Somoe, hukuiunguza, ni mafuta yangu? Kwamba mtoto wa dada yako angekuona hujui? Nilikuwa nakuona unajua kila kitu, hata ungekosea mara kumi ningekuona hivyohivyo.

Siku ya tatu nilikwenda dukani kwa yule Mhindi wa karibu na stendi nikanunua beringi mbili mpya. Nikasafisha, nikaweka grisi, utanisamehe harufu, nikarudisha kaboni mahali pake. Nilipoichomeka ikawaka kwa mkupuo mmoja. Nilinyoosha nayo ubao wa mninga kutoka kwenu Rondo, na nikiwa nafanya kazi hasira ikaanza kulegea, maana niliyakumbuka maneno yako ya siku ninakwenda chuo cha ufundi. Nilichagua umeme kwa ajili ya randa hii, nijifunze kutengeneza nilichoharibu. Hata wewe sikukwambia. Ulinibebea sanduku hadi stendi na bega lako bovu, ukasema nikazisome hizo mashine vizuri kwa kuwa wewe hukuzijua. Nilidhani ni unyenyekevu tu. Nimekuwa fundi kwa sababu ya kosa nisilolifanya, na sijui nikulaumu au nikushukuru, kwa hiyo leo nafanya yote mawili.

Picha nimeigeuza tena, unatazama kibanda. Lakini sijakueleza kilichonifanya niandike.

Siku tatu kabla hujatutoka uliniita kitandani. Mama alikuwa ametoka kuchota maji. Ulinishika mkono kwa ule wako wa kushoto, ukasema, "Somoe, niwie radhi. Kuna jambo moja..." Na mimi, kama tulivyofunzwa sote, kwamba mgonjwa akiomba radhi hapekuliwi na mtu mzima haachwi ajishushe mbele ya mtoto, nikakuwahi. Nikasema, "Hukunikosea kitu, Mjomba. Nimekusamehe yote, ya duniani na ya akhera." Nilisema haraka, kwa heshima zote, huku nikikunyooshea shuka. Kisha ukafumba macho, ukaniomba nikufungulie dirisha.

Ulikuwa unataka kusema. Ulishajikusanya, ukaanza, mimi nikakuziba mdomo kwa adabu zangu. Ulipanda basi mara moja kulikimbia jambo hili, lakini mara ya pili uliligeukia mwenyewe, na aliyekuzuia ni mimi. Kwa hilo niwie radhi wewe.

Na ile radhi niliyokupa kitandani uiache, niliitoa nikiwa sijui ya nini. Sasa najua. Nimeona nyaya, nimeona mafuta, nimeona patasi yako, nimekasirika nikamaliza. Nimekusamehe, Mjomba.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako,
Somoe